Walinzi wa Forodhani

Bustani ya umma ikianza kuogopwa usiku, wakuu wa mji huwa na dawa tatu mkononi: uzio, taa na askari. Dawa hizo si mbaya, na sijui mji uliozikataa zote ukabaki salama. Lakini zina kasoro moja ya pamoja: zote humtazama mtu aliyemo bustanini usiku kama mshukiwa. Uzio humtoa, taa humfichua, askari humhoji aende zake. Historia ya Bustani ya Forodhani, pale ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, inafundisha kinyume chake. Kipande kile cha ardhi kimelindwa kwa zaidi ya miaka 300, na walinzi wake wamekuwa wa kila aina: askari wa ngome, watu wa forodha, mizinga ya Sultani, polisi wa himaya ya Waingereza, na mwisho manispaa. Hoja yangu ni kwamba katika muda wote huo mahali pale palikuwa salama kwa mtu wa kawaida usiku pale tu palipopata watu wenye kazi ya kufanya na sababu ya kukaa humo baada ya magharibi. Uzio, taa na askari vilifaa kwa kadiri vilivyowatumikia watu hao. Vilipowekwa badala yao, havikufaa.

Tuanze na kile kilichokuwa kikilindwa. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, na macho yake yalielekea baharini, alikotarajiwa adui. Seyyid Said, Sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, ufukwe huo ukawa mlango wa fedha wa dola nzima. Forodha ilikuwa hapo, na ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Jairam Shivji ndiyo iliyoushika kwa miaka mingi, na baadaye ukamfikia Taria Topan. Pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, majora ya merikani na shanga vilipita hapo, na watu pia walipita. Mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, mateka walioshushwa kutoka majahazi ya Kilwa walihesabiwa forodhani na kulipiwa ushuru kwa kichwa, sawa na mzigo mwingine wowote. Yeyote anayeandika juu ya usalama wa mahali pale hana budi kulisema hili wazi: ulinzi wa usiku wa forodha ulikuwa ulinzi wa mali, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa binadamu. Mlinzi aliyekesha hapo hakuwekwa kwa ajili ya mpita njia. Akiona kivuli gizani, alikuwa na mawili tu ya kujiuliza: huyu amekuja kuiba, au ndiye anayetoroka?

Basi mpita njia alijilindaje? Kwa nguvu zake mwenyewe, au kwa nguvu za bwana wake. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, jinsi mabibi wa ukoo wa kifalme walivyokwenda kutembeleana usiku. Walitanguliwa na msafara wa watumwa, baadhi wakiwa na silaha na baadhi wamebeba fanusi kubwa mno, na ukubwa wa fanusi ulitangaza cheo cha bibi anayepita. Nuru ilikuwa ya mwenyewe. Akishapita nayo, kichochoro kilirudi gizani na asiye na fanusi akabaki alivyokuwa. Mwingereza Richard Burton, aliyefika kisiwani kabla ya Salme kuondoka, aliandika juu ya msimu wa kaskazi, wakati mabaharia wa kutoka Sur na Ghuba walipojaa mjini: watoto na watumwa waliibwa na kupakiwa vyomboni, na wenye nyumba wakawafungia watu wao ndani mpaka majahazi yatweke. Ndani ya mitaa hali ilikuwa nafuu kwa sababu moja ambayo kila aliyekulia mji wa Kiswahili anaifahamu. Nyumba zilikuwa na baraza, na barazani walikaa wanaume baada ya sala ya isha kwa kahawa na bao. Mgeni aliyepita hakufukuzwa. Alisalimiwa, na katika kuitikia salamu ilijulikana anatoka wapi na anamwendea nani. Ufukweni hapakuwa na baraza za namna hiyo. Palikuwa na jumba, ngome na maghala, na kila kimoja kilijilinda chenyewe.

Sultani Barghash, mwana wa Seyyid Said, ndiye aliyeleta nuru kubwa pale, na mfano wake unafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu unajibu mapema hoja ya wale wanaoamini kwamba taa peke yake ni ulinzi. Alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na mbele yake ukasimama mnara wa taa wa kuongoza meli. Ulikuwa na safu za taa hata mabaharia wa Kiingereza wakauita mti wa Krismasi wa Sultani. Pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mahali pengine penye mwanga kama huo. Lakini mwanga ule ulielekea majini, kwa nahodha anayetafuta nanga, na kwa mgeni wa dola anayetakiwa kustaajabu. Wenyeji waliutazama kutoka mbali. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokaa katika kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, meli za kivita zilipiga ufukwe huo kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa, jumba la kifalme la Beit al-Hukm likabomoka, mnara wa taa ukaharibiwa. Mahali palipokuwa na mizinga, askari na umeme kuliko pote kisiwani ndipo palipokuwa pa hatari kuliko pote siku hiyo, kwa kuwa vyote hivyo vilikuwa vya kumlinda mtawala, na mtawala alipogombaniwa, ulinzi wake ukawageukia waliokuwa karibu naye.

Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, ufukwe ukapoteza kazi yake ya zamani. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, ikatengenezwa hapo bustani ya jubilei: njia zilizonyooka, miti ya kivuli, mabenchi, na jukwaa la bendi. Mwaka 1956 likaongezwa tao jeupe ukingoni mwa bahari kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Bustani hiyo haikukusudiwa kuwa ya usiku. Ilikuwa ya alasiri na ya siku rasmi, mahali pa kuvaa vizuri na kuonekana, na utaratibu wake ulikuwa wa watu kukaa, kusikiliza na kuondoka. Kwa wakoloni wa Afrika Mashariki, Mwafrika anayetembea mjini usiku bila shughuli inayojulikana alikuwa tatizo la polisi. Nairobi walikwenda mbali zaidi, wakamtaka awe na kibali cha kutembea saa hizo. Fikra iliyo nyuma ya kanuni kama hizo ndiyo ile ile ya mlinzi wa forodha: usiku, watu wachache ni usalama zaidi. Fikra hiyo bado tunayo. Kila manispaa inayotundika bango la kufunga bustani saa 12 jioni imeirithi, ijue isijue.

Kilichoibadilisha Forodhani hakikutoka serikalini. Kwanza kabisa ilikuwa bustani isiyo na lango la kufungwa, iliyokaa njiani kati ya bandari, soko na mitaa ya Shangani. Pili, mji ulikuwa umeanza kupata shughuli za usiku. Mwanahistoria Laura Fair, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya sinema Tanzania, ameonyesha jinsi majumba ya sinema yalivyowatoa watu wa miji ya pwani majumbani mwao baada ya giza, na wanawake na familia nzima nzima walikuwemo. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921, na baadaye Majestic na Empire. Filamu ikiisha, mamia ya watu walikuwa njiani kwa wakati mmoja, wamevaa, wanazungumza juu ya walichokiona, na hawana haraka ya kulala. Mama mwenye buibui na watoto wake hakuhitaji fanusi ya kifalme wala mtumwa wa kumtangulia; alikuwa na majirani zake wote mbele na nyuma. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulinzi wa usiku ulipoacha kuwa mali ya mwenye cheo ukawa wa wote waliokuwa njiani. Na penye umati unaorejea nyumbani polepole hapakosi muuza njugu, muuza kahawa na mchoma mishikaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 fahari ya jubilei iliondoka, jukwaa la bendi likakaa bila bendi ya Sultani, lakini watu waliendelea kuja kupunga upepo. Tangu miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na wageni wakaanza kuja kwa wingi, meza za chakula zikaongezeka mpaka zikaijaza bustani.

Nataka kukaa kidogo kwenye meza hizo, kwa sababu ulinzi ninaouzungumzia umo katika jinsi zinavyofanya kazi. Alasiri, vijana wa makachu wanapokuwa bado wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukingoni, wapishi huleta meza, makaa, ndoo za maji na masinia. Jua likizama, moto umeshakolea. Mwenye kutengeneza piza ya Zanzibar husimama nyuma ya sinia lake saa tatu au nne mfululizo bila kuondoka. Anatandaza donge la unga hadi liwe jembamba kama kitambaa, anaweka kima, kitunguu na yai, anakunja pembe nne, anageuza. Mikono yake inajua kazi, kwa hiyo macho yake yako huru, na yanatazama njia, kwa kuwa riziki yake inatembea njiani. Hatua chache kutoka kwake mwenye miwa anazungusha gurudumu la mashine yake, anaipitisha miwa pamoja na tangawizi na ndimu, naye pia anatazama njia. Muuza urojo anamfahamu kila mtoto anayerudi na bakuli tupu. Hawa wanajuana kwa majina na kwa mitaa, wanajua nani ni papasi wa kila siku na nani ni sura ngeni, na wana sababu nzito kuliko mshahara ya kutotaka mgeni aporwe mbele yao: habari hiyo ikienea, kesho samaki wao watabaki mezani. Askari wa zamu hubadilishwa, hana haya mbele ya watu asiowajua, na saa yake ikifika huondoka. Mpishi yupo jana, leo na kesho, mahali pale pale.

Wapo watakaosema kwamba naipamba Forodhani. Watakumbusha hali yake mwanzoni mwa miaka ya 2000: ukuta wa bahari umemong'onyoka, majani yamekufa kwa kukanyagwa, moshi na maji machafu kila mahali, meza zimesongamana hata hapapitiki, wezi wa mifukoni wanafanya kazi yao katika msongamano huo huo ninaousifu. Watasema pia kwamba kilichoiokoa bustani ni fedha na mpango kutoka juu. Kazi ya ukarabati iliyofanywa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi, kuanzia mwaka 2008 hadi bustani ilipofunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009 na Rais Amani Abeid Karume pamoja na Aga Khan mwenyewe, ilijenga upya ukuta wa bahari na mifereji, ikaweka taa, njia na bustani ya watoto. Hayo yote ni kweli, na kazi ile ilihitajika. Ila tazameni jambo moja walilolifanya wapangaji wale, ambalo lingeweza kwenda kinyume kirahisi sana. Hawakuwatoa wapishi. Waliwatengea eneo lao lenye sakafu, maji na utaratibu, na siku hizi wengi hupika wamevaa makoti meupe na kofia za wapishi. Wangeweza kuona kwamba uchafu unatokana na wauzaji, wakasafisha bustani kwa kuwaondoa. Miji mingi imefanya hivyo, ikapata majani mazuri yasiyokaliwa na mtu baada ya saa moja usiku isipokuwa yule ambaye kila mtu anamkimbia. Kuhusu wezi wa mifukoni, ni kweli wanapenda msongamano, na mtu aliyepoteza pochi amepata hasara. Lakini anayeporwa peke yake gizani anaweza kupoteza uhai. Mji unaotaka kupunguza hatari hauna budi kutofautisha hasara hizo mbili.

Hoja ya taa nayo ilipata mtihani wake mapema kuliko ilivyotarajiwa. Disemba 2009, miezi isiyofika mitano tangu bustani ifunguliwe na nguzo zake mpya, umeme wa Unguja unaotoka Tanzania Bara kwa njia ya waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili ndani ya miaka miwili. Mwaka 2008 kilikuwa kimekaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Katika siku kama hizo nguzo ya taa ni chuma kilichosimama. Meza ya chakula ni kitu kingine: inakuja na moto wake, na mwenyewe ana kandili, karabai au jenereta, kwa sababu bila mwanga hauzi. Wapishi wa Forodhani waliuza kwa nuru ya kandili miaka mingi kabla ya nguzo hizo kuwekwa. Nazitetea taa, tena nazitaka zaidi, hasa kwa wanawake na kwa wazee wasioona vizuri ngazi na mashimo. Ninachokataa ni kuamini kwamba taa inayomulika mahali patupu imelinda kitu. Inamsaidia mwenye nia mbaya kuona kama aliyemo yuko peke yake.

Hoja nzito zaidi ni ya uzio, na Nairobi ndiyo inayoitoa kwa nguvu. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ulikuwa kwa miaka mingi mahali ambapo watu walionyana wasikanyage, penye wahalifu na wanyakuzi wa ardhi. Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa hapo Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi huo. Leo familia zinakwenda Karura na baiskeli na watoto, na waliosimamia mageuzi hayo tangu mwaka 2009 hawasiti kusema kwamba uzio wa umeme na malango ya kulipia vilichangia sana. Nawakubalia. Lakini walifanya zaidi ya kuzungusha uzio. Waliajiri vijana wa kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu kuwa walinzi, wakawapa watu waliojua kila njia ya mle ndani sababu ya kuutaka msitu ukae vizuri, na wakaufungua kwa umma ili wageni wenyewe wawe macho. Zaidi ya hayo, Karura hufungwa jioni. Kwa msitu hilo ni sawa, maana miti na wanyama nao wanahitaji usiku wao. Bustani ya katikati ya mji ni habari nyingine. Ukiifunga jioni umeikinga na uharibifu, na huo ni usalama wa majani na mabenchi. Mtu aliyetoka kazini saa 12 na anaishi katika chumba kimoja na watoto wanne amepoteza mahali pa pekee pa bure pa kupumulia. Kwa mtu huyo bustani inayofungwa jioni ni bustani isiyokuwapo. Na aliyekuwa akilala kwenye benchi lake, au akivutia bangi chini ya mti wake, amehamia nyuma ya uzio, kwenye kituo cha basi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Forodhani ni ya peke yake, kwamba inashibishwa na dola za watalii, na kwamba bustani ya Tabora au Kisumu haiwezi kuiga. Dola za watalii zipo, sikatai, na bei za pweza na ngisi zinazionyesha. Lakini nenda na kalenda. Katika mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, bustani hujaa wenyeji, vizazi vitatu kwenye mkeka mmoja, watoto wakikimbia hadi saa ambazo siku nyingine wangekuwa wamelala. Mombasa, kwenye barabara ya Mama Ngina karibu na kivuko cha Likoni, watu wamekuwa wakikaa jioni hadi usiku kwa madafu, mihogo na viazi karai tangu zamani, na mahali hapo palipokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2019 wateja wake wakubwa ni Wamombasa wenyewe. Dar es Salaam ina mihogo ya Coco Beach. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji mtalii. Na Mmarekani Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya miji ya kwao, alilinganisha bustani nne za Philadelphia zinazotokana na mchoro mmoja wa zamani wa mji. Ile iliyozungukwa na nyumba, maduka na watu wa ratiba mbalimbali ilistawi. Nyingine, iliyozungukwa na ofisi pekee, ilikimbiwa na kuwa ya hatari, ingawa ilikuwa na miti na mabenchi kama mwenzake. Sababu za kuwepo usiku zinaweza kuwa muhogo, sinema, mchezo wa bao au maktaba iliyo wazi hadi saa nne. Kinachotakiwa ni ziwepo, na ziwe za watu wa pale.

Kuna pingamizi moja nisiloweza kulimaliza, na sitaki kulifunika. Umati na moto wa makaa havizuii kila hatari. Mei na Oktoba 2012, vurugu za kisiasa na kidini zilipoingia Mji Mkongwe, maduka yalifungwa, barabara zikazibwa kwa matairi na mawe, na ulinzi wa wapishi haukuwa na la kufanya, kwa kuwa watu wakiogopa kutoka nyumbani hakuna mpishi. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha walimwagiwa tindikali wakitembea jioni mitaa ya Shangani. Shambulio hilo halikutokea bustanini, lilitokea mwendo mfupi kutoka hapo, katika njia isiyo na meza. Tukio hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba tumekosea kuuliza bustani ilindwe vipi kana kwamba ni kisiwa ndani ya kisiwa. Bustani ni salama kwa kadiri ya njia ya kuifikia na kuiacha. Mama wa mtaa wa Ng'ambo anayemaliza bakuli lake la urojo saa nne usiku anapaswa kuvuka vichochoro hadi Darajani kutafuta daladala, na katika vichochoro hivyo nyumba nyingi zilizokuwa na familia na baraza zimegeuzwa hoteli na maduka ya vinyago yanayofungwa mapema. Mlango wa kuchonga umebaki, taa ya hoteli inawaka, lakini hakuna anayekaa nje baada ya isha. Kamera za usalama zilizofungwa mjini humo zitasaidia kumtambua mhalifu baadaye; haziwezi kumsalimia mgeni na kumuuliza anakwenda kwa nani.

Ndiyo maana nadhani uamuzi mkubwa ujao wa usalama wa Forodhani hauko ndani ya bustani, uko ng'ambo ya pili ya barabara ya Mizingani. Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakafariki. Tangu hapo upande mzima wa bustani umetazamana na mabati na vyuma vya ujenzi. Jengo likirudishwa, litakuja na mapendekezo ya kulizungushia uzio, kulimulika kwa taa za rangi na kuliwekea askari wa zamu, kama enzi za Barghash. Ningependa Mamlaka ya Mji Mkongwe na manispaa waamue mapema kwamba ghorofa yake ya chini itakuwa na shughuli hadi usiku, iwe chumba cha kusomea cha wanafunzi, taarab ya kila Ijumaa au duka la vitabu. Kwamba katika kila kichochoro kinachotoka Forodhani kwenda Darajani angalau muuza kahawa mmoja atapewa mahali pake bila kufukuzwa na mgambo. Na kwamba daladala za Amani na Mwanakwerekwe zitakuwa na zamu ya mwisho inayolingana na saa ya kufunga meza. Kila moja kati ya mambo hayo matatu linaweza kuanza kabla Beit al-Ajaib halijakamilika.